Tawi la Kuazima

Palikuwa na mtu aliyekuwa na michungwa mia moja na ishirini, na zaidi ya hiyo hakuwa na kitu. Jina lake Hoza. Shamba lake lilikuwa ng'ambo ya kijito, juu ya mgongo wa kilima, mahali ambapo upepo haukosi. Mashamba ya wenzake thelathini na tisa yalikuwa bondeni, yamebanana, tawi la huyu likigusana na tawi la yule. Watu hao arobaini walikuwa na kiapo kimoja: sumu ya dukani haitagusa miti yao, wala udongo wao, wala maji yao. Mnunuzi alipanda mlima kila msimu kwa ajili ya kiapo hicho. Akiuliza kama kingali kizima, walimjibu kwamba ni kizima, na walisema kweli.

Lakini asiyetumia sumu hana budi kutumia macho. Hilo alilijua Bi Makiwa, mwanamke aliyeanzisha kikundi chao, na ndiye aliyewawekea desturi ya mkeka. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mbele ya ghala, ulitandikwa mkeka mkubwa, na kila mkulima alifika na tawi moja mkononi. Halikuwa tawi zuri. Lilikuwa tawi baya kuliko yote aliyonayo, limekatwa kwenye mti unaomnyima raha. Bi Makiwa alitangulia kulaza la kwake, na mara nyingi la kwake ndilo lililotisha zaidi. Kisha wote walipiga magoti kuuzunguka mkeka, wakageuza majani, wakatafuta mayai, utando, madoa, vijipele. Walitaniana sana. "Bwana Ngoda, hili ni tawi au umekuja na ufagio wa mkeo?" Na Ngoda, mtu mfupi mwenye sauti nene, alijibu bila kuinua kichwa, "Ufagio wa mke wangu una afya kuliko hilo lako." Hakuna aliyeona haya, kwa sababu hakuna aliyefika mikono mitupu. Aliyeshukiwa ni yule aliyesema kwamba kwake hakuna kibaya.

Kutoka kwenye mkeka huo walijua la kufanya. Wakiona wadudu, watu wote arobaini walitwanga majani ya mwarobaini siku moja na kunyunyiza siku moja, kwa maana mdudu anayefukuzwa na mtu mmoja huhamia kwa jirani, kisha hurudi akiwa na wajukuu. Wakiona mti ambao hauwezi tena kupona, walikwenda wote, wakaukata, wakaung'oa na mizizi, wakauchoma, na kabla jua halijazama mwenye mti alikuwa ameshapewa mche na mwenzake. Ugonjwa waliouogopa kuliko yote ulikuwa ule wa njano. Huletwa na kidudu cha kahawia kisichozidi mbegu ya ufuta, kinachokaa juu ya jani changa kichwa chini, mkia juu, kama mtu anayechungulia kisimani. Jani hugawanyika, nusu njano, nusu kijani. Tunda hupinda, hubaki kijani upande wa chini hata msimu ukipita, na ndani yake mna uchungu ambao sukari haiuondoi. Mti ukishashikwa hauna dawa, hata hiyo ya dukani. Ugonjwa huo uliingia bondeni mara tatu katika uhai wa Bi Makiwa. Mara tatu ulionekana kwenye mkeka ungali mchanga, ukachomwa, ukaondoka.

Bi Makiwa akafa. Wakamchagua Mbelwa awe mwenyekiti. Hakuwa mtu mbaya, na anayesimulia habari hii akimfanya mbaya anajipunguzia kazi. Alikipenda kikundi kama mtu anavyoipenda picha yake ya harusi: alitaka kionekane. Sasa Jumamosi moja mnunuzi alifika na wageni, akawakuta watu wamepiga magoti mbele ya matawi yaliyokauka na majani yaliyotobolewa. Mgeni mmoja aliliinua jani kwa ncha za vidole viwili, kama anayeinua panya kwa mkia, akauliza kama katika kijiji hiki kuna chungwa linalofaa kuliwa. Watu walicheka, wakamwambia avunje lolote ale. Mbelwa hakucheka. Masikio yake yalikuwa ya moto, na moto huo hakuuacha ghalani, alirudi nao nyumbani.

Mwezi uliofuata alisimama na shati lililopigwa pasi. "Ndugu zangu, tumejianika vya kutosha," alisema. "Kuanzia sasa kila mtu ataleta tawi linaloonyesha jinsi shamba lake linavyopendeza. Wenye matawi mazuri watakaa mbele, kwenye mabenchi. Atakayeleta takataka atakaa chini, kule nyuma, na kwa vikao vitatu hatasema neno." Watu walipiga makofi. Ni nani asiyechoka kuubeba ubaya wake hadharani kila mwezi? Hoza naye alipiga makofi, tena kwa nguvu, kwa kuwa yeye hakuwa na la kuhofia. Shamba lake lilikuwa safi kweli. Kila Jumanne aligeuza majani, mti kwa mti, akiimba kwa sauti ya chini. Aliwaacha majimoto, wale sisimizi wekundu wanaouma kama cheche, wajenge viota vyao kwenye matawi na kuwala wadudu wengine, na mwili wake ulijaa alama zao. Upepo ulimsaidia, kijito kikamsaidia. Lakini mtu aliyesaidiwa kwa muda mrefu huanza kudhani kwamba ni wema wake.

Mwaka ule ule ugonjwa wa njano ulirudi mara ya nne. Wa kwanza kuuona alikuwa Ngoda. Kwa mazoea ya zamani, au kwa uaminifu, alilikata tawi lile akalileta. Alipolilaza kati ya mengine lilionekana kama jino bovu kinywani. Mbelwa hakumkaripia. Alimwonyesha tu kwa kidole mahali pa kukaa, kule nyuma, kuku wanakofukua. Hakuna aliyepiga magoti kuligeuza jani. Hakuna aliyekwenda kumsaidia kung'oa mti. Wakati wa kurudi nyumbani walimpa jina, Bwana Manjano, wakacheka njia nzima. Kisha kila mmoja alikwenda kulikagua shamba lake bila kumwambia mtu, na wengi waliona walichokiona, na kila aliyeona akawakumbuka wale kuku.

Ndipo Sechambo alipovuka kijito. Huyu alikuwa ndugu wa Tunu, mke wa Hoza, mtu wa mizaha ambaye hata msibani watu walikaa mbali naye wasije wakacheka. Alifika Ijumaa alasiri na kiroba begani.

"Shemeji, nimekuja kuazima."

"Jembe?"

"Tawi."

Hoza hakuelewa. Sechambo alifungua kiroba akatoa tawi la mchungwa wake, majani nusu njano, nusu kijani. "Kesho kikao," alisema. "Nataka linalofanana na hili, unene huu huu, urefu huu huu, ila lenye afya. Nikipeleka nene mno watasema Sechambo ameota miti mipya usiku mmoja."

"Na mti wako je?"

"Mti wangu nitauangalia mwenyewe. Usinikazie macho hivyo, shemeji. Hata bibi harusi huazima hereni, na ndoa inafungwa."

Hoza akacheka. Ingekuwa heri kicheko kile kingemkwama kooni. Alimchagulia tawi kwenye mti wa kando ya njia, akamkatia. Sechambo alilipima kwa lile lake, akaridhika, akalifunga ndani ya kiroba, na lile la njano akalitupa pale pale, chini ya mchungwa, akaenda zake akipiga mluzi.

Mwezi uliofuata walikuja watatu. Mwezi wa baadaye walikuja tisa, na kabla mwaka haujaisha karibu bonde zima. Hawakuambizana, lakini kila Ijumaa ya kabla ya kikao walipishana kwenye daraja la kijito, na kila mmoja alimwambia mwenzake kwamba anakwenda kumsabahi Hoza. Kila mmoja alikuja na tawi lake la kupimia, kwa maana watu hawa walikuwa makini zaidi katika uongo kuliko walivyokuwa katika ukweli. Mwenye miti mizee alitaka tawi la mti mzee, mwenye miti michanga alitaka la mti mchanga. Na kila mmoja, alipokwisha kupata zuri, aliliacha baya chini ya miti ya Hoza, kwa sababu hakuna mtu anayetaka kukutwa njiani akiwa na matawi mawili. Pale chini tawi lilinyauka. Na kile kidudu cha kahawia, kilipoona meza imekauka, kilifanya anachofanya kila mwenye njaa. Kilitazama juu.

Tunu alikuwa akiyafagia na kuyachoma, lakini aliporudi kutoka mtoni yalikuwa yameshalala pale nusu siku. "Baba Zaina," alimwambia mumewe, "hawa watu wanachukua kizima na kutuachia kibovu. Huo ni uazimaji gani?" Hoza akasema ni majani tu. Tunu akasema hata moto huanza kwa majani tu. Hoza akaenda kuchagua matawi ya wiki ile.

Alifanya hivyo kwa sababu jambo lile lilikuwa limeanza kumpendeza. Wanaume waliokuwa wakimpita sokoni sasa walivuka barabara kumpa mkono. Kwenye benchi la mbele walijisogeza apate nafasi. Walimwita Bwana Shamba, na hakuwa na cheo hicho. Aliijua siri ya kila nyumba bondeni, nani ana mti mmoja mgonjwa, nani kumi, nani analia, na hakumwambia yeyote, hata wao wenyewe kwa wenyewe hawakuwa wakijua habari za mwenzao. Siri hiyo aliiita huruma. Alisema moyoni, hawa ni majirani zangu, wana watoto, nikisema watakalishwa na kuku. Ilikuwa kweli. Lakini ukweli mdogo alikuwa ameuweka mbele ili ukweli mkubwa upate mahali pa kujificha.

Mwaka wa pili wa desturi mpya ulipotimia, wale wageni walirudi. Mkeka ulitandikwa. Matawi arobaini yalilazwa juu yake, mabichi, yanayong'aa kama yaliyopakwa mafuta, na harufu yake ilijaa uwanja mzima. Yule mgeni wa vidole viwili aliliinua jani moja kwa mkono mzima, akalinusa, akawapongeza. Mbelwa alisema maneno mengi juu ya bidii na usafi na umoja, na kwa kuwa hakuwa amewahi kuvuka kijito siku ya Ijumaa, aliyasema kwa moyo wake wote. Hoza alitazama mkeka. Ukiacha lile la mwenyekiti, aliyatambua matawi yote, moja moja, kama mtu anayewaona watoto wake wamevishwa nguo za watu wengine. Lile la kwanza lilitoka kwenye mti wa tatu wa safu ya chini. Lile la Sechambo lilitoka kwenye mti wa kando ya njia. Kikundi kizima kilikuwa kimelala pale, na kikundi kizima kilikuwa shamba lake. Watu walipopiga makofi hakujua wanampigia nani, naye akapiga.

Ugonjwa wa njano hauna haraka. Huingia leo, ukakaa kimya ndani ya mti msimu na msimu, mti ukila na kunywa na kuchanua kama kawaida, kisha asubuhi moja hujitangaza. Kwa Hoza ilikuwa Jumanne, kabla ya mvua za vuli. Alikuwa akigeuza majani na kuimba, akafika kwenye mti wa kando ya njia, na wimbo ukakatika. Jani lilikuwa nusu njano, nusu kijani. Akageuza jingine. Akachuma chungwa, likawa limepinda kama kichwa cha jembe lililogonga mwamba. Akalipasua kwa kisu, akaona mbegu zimekunjamana, nyeusi. Akaonja. Alisimama pale na uchungu ule mdomoni, hakuutema, kama mtu anayetaka kuhakikisha. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameuona kwenye mti wa pili na wa tatu, yote ya kando ya njia, yote ikiwa pale palipokuwa pakitupwa matawi.

Tunu alipoambiwa hakumkumbusha kwamba alikwisha kumwonya. Alikaa kizingitini, akafikiri. "Ni mitatu," alisema. "Ikate, ichome, nyamaza. Unayo mia moja na kumi na saba. Jumamosi peleka tawi zuri kama siku zote. Tawi zuri hulikosi."

"Nikiichoma hii mitatu, mwezi ujao watavuka na mengine," alisema Hoza. "Na wasipovuka wao, wadudu watavuka. Bonde lote limejaa, mama Zaina. Mimi ndiye ninayejua. Peke yangu siwezi. Tukikata wote wiki moja, tukinyunyiza wote siku moja, bado inawezekana, kama zamani."

"Kama zamani," Tunu alisema.

Ijumaa Hoza aliikata miti mitatu. Alichimba mizizi kwa siku nzima, hata ile myembamba kama uzi, akachoma kila kitu, akazika majivu. Waliokuja kuazima wiki hiyo waliuona moshi, wakadhani anachoma magugu, wakajikatia wenyewe. Alibakiza tawi moja tu la njano. Aliliosha kwa maji ya sabuni mara tatu asiache kidudu hata kimoja, akalifunga kwa gunia bichi. Asubuhi aliamka, akavaa kanzu yake safi, akavuka kijito.

Matawi thelathini na tisa yalikuwa yameshalala mkekani. Hoza alifungua gunia, akaliweka la kwake katikati. Kule nyuma kuku walikuwa wakifukua. Ngoda, aliyekuwa amekwisha kujifunza kuazima kama wengine na siku hizo alikaa benchi la pili, aliinamisha kichwa. Mbelwa alifungua kinywa, lakini Hoza alimtangulia. Sauti yake haikuwa kubwa.

"Nimeleta baya langu. Leteni na yenu."

Hakutaja jina la mtu. Hakusema nani alivuka daraja na kiroba. Alisimama tu, mikono mitupu, akangoja. Kisha Sechambo akainuka kwenye benchi, uso wake hauna mzaha hata chembe, na moyo wa Hoza ukaruka kwa furaha, kwa maana alijua kwamba shemeji yake akisema watasema wote.

"Mimi nitasema kweli mbele yenu," alisema Sechambo. "Hili tawi langu si langu. Nililikata kwa Hoza."

Akainuka wa pili. "Langu pia nilikata kwa Hoza."

Akainuka wa tatu, wa nne, wa tisa. Maungamo yalikuwa yakitoka kama maji ya kijito wakati wa masika. Wengine walilia. Ngoda alisema mara mbili, kana kwamba mara ya kwanza hakusikiwa. Macho ya Hoza yalijaa machozi. Ni kana kwamba alimwona tena Bi Makiwa amepiga magoti kando ya mkeka. Alikuwa ameanza kuhesabu kichwani vinu vya kutwangia mwarobaini vitakavyohitajika, na ndoo, na watu wa kuchota maji, Sechambo alipouliza swali ambalo lilikuwa limekaa tayari ndani ya maungamo yale tangu mwanzo.

"Sasa ikiwa matawi yetu yote yalitoka kwake," alisema, "na ugonjwa uko kwake, basi sisi tumeupata wapi?"

Watu waliyatazama matawi yaliyo mbele yao, mazuri, ya kijani, na kila mmoja akalisukuma la kwake kidogo kwa mguu. Mtu mmoja akasema, "Tumekuwa tukiubeba hadi majumbani mwetu." Mwingine akasema, "Na alikuwa akitukatia kwa mkono wake mwenyewe, anatabasamu." Mtu wa tatu akakumbuka ule moshi wa jana. Mbelwa, ambaye asubuhi ile ndiyo kwanza alikuwa amegundua kwamba kikundi chake kilikuwa picha tu, aliona mlango wa kutokea, akautokea. Alisema kwa huzuni ya kweli kwamba chanzo kimepatikana. Alisema Bi Makiwa mwenyewe alifundisha kwamba mti mgonjwa hung'olewa na mizizi, na wote huenda pamoja.

Hoza alisema kwamba miti yake mitatu ilikuwa tayari ni majivu. Alisema matawi ya njano yalikuja kwake kwa viroba. Alisema twendeni shamba kwa shamba, tuanze na langu, tumalizie la mwenyekiti, mtaona. Hapo ndipo walipokasirika, maana hadi hapo walikuwa wanahuzunika tu.

Walivuka kijito wote, kwa mara ya kwanza tangu Bi Makiwa afe, mashoka na mapanga mabegani. Walifanya kazi vizuri. Walipangana safu kwa safu kama walivyofundishwa, hawa wakikata, hawa wakichimba, hawa wakiburuta. Majimoto waliwauma, nao wakaona hiyo kuwa dalili nyingine ya ubaya wa shamba lile. Hakuna aliyejitahidi kuliko Sechambo. Aliikata miti kumi na minne peke yake, jasho likimtiririka, hakupumzika, wala hakutazama upande aliosimama dada yake. Miti ilikuwa na matunda yaliyokaribia kuiva. Ilipofika saa tisa, watu walikuwa na kiu na kijito kilikuwa kimechafuka kwa miguu yao, basi mmoja akaokota chungwa kwenye mti uliolala, akalimenya. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Walikaa juu ya magogo wakala, maji ya machungwa yakiwachuruzika hadi viwikoni.

"Matamu," alisema Ngoda.

Wakatupa maganda, wakarudi kazini, na kabla ya magharibi mgongo wa kilima ulikuwa mtupu. Mashimo mia moja na kumi na saba yalikuwa wazi, na moshi ulikuwa ukielekea bondeni. Kwa kuwa walikuwa watu wa desturi, mmoja wao alitaka kumpa Hoza mche. Alimletea mche mmoja kutoka kwenye kitalu chake, kwenye kopo. Hoza aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaligeuza jani, nusu njano, nusu kijani. Akaurudisha chini polepole.

Kijijini walilala vizuri. Kwa vikao viwili vilivyobaki vya mwaka ule Mbelwa hakutandika mkeka, alisema watu wapumzike. Mvua zikanyesha, miti ikachipua, na juu ya kila chipukizi bondeni vidudu vya kahawia vilikaa kichwa chini, mkia juu. Hoza na Tunu walikuwa wameshahama na Zaina wao, wakaenda kulima mahindi ya mtu mwingine. Kiapo bado kilikuwa kizima. Hakuna tone la sumu lililogusa mti wowote katika bonde lile, na mnunuzi alipouliza walimjibu kwamba ni kizima.

Kisha mwaka ukageuka, na mwenyekiti akapeleka habari nyumba kwa nyumba kwamba wageni wanakuja, Jumamosi mkeka utatandikwa, kila mtu afike na tawi lake zuri. Sasa semeni ninyi mnaonisikiliza: Ijumaa ilipofika, watu wale walichukua viroba vyao wakaenda kwa nani?